Uzi: Orodha ya barabara za kutengenezwa Dar ipo kila mwaka. Nini kinazuia tusiione mtandaoni?

#1 Kokoto Nusu
Wakuu salaam.

Kila mwaka wa fedha unapoanza Julai kunakuwa na mpango wa matengenezo ya barabara. Una jina la barabara, urefu, aina ya kazi na fedha iliyotengwa. Umepita kwa wahandisi, umepita vikaoni, umeidhinishwa, kwa sababu fedha za Mfuko wa Barabara hazitolewi bila mpango wa kazi. Pamoja na hayo, mkazi wa kawaida hajui kama barabara yake imo, haimo, au ilikuwamo ikatolewa katikati ya mwaka. Akifungua kurasa za halmashauri anakuta picha za viongozi wamevaa vizibao vya kung'aa, wananyoosha vidole kwenye kalvati.

Mimi naamini sehemu kubwa ya hasira za watu wa Dar kuhusu barabara inatokana na kutoambiwa. Ukijua barabara yako itachongwa Septemba, unavumilia. Ukijua mwaka huu haimo, unajipanga na majirani. Usipojua lolote, kila tope unaliona tusi.

Naomba tujadili: nini hasa kinazuia mpango huo kuwekwa mtandaoni mtaa kwa mtaa, na kusahihishwa kila robo mwaka? Nazungumzia zaidi Jiji, yaani iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ila Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni karibuni.

#2 Bajaji ya Bluu
Nakaa siti ya mbele uzi huu. Mimi barabara ndiyo ofisi yangu. Shimo jipya nalijua siku linapozaliwa, na bei ya bushi naijua kuliko bei ya unga.

#3 Mzee wa Faili
Kokoto, tuweke msingi sawa kwanza. Barabara za mitaa hazimo mikononi mwa halmashauri tangu 2017, ilipoanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Wahandisi wa barabara waliokuwa halmashauri walihamia huko, na wakala yenyewe iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Barabara kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS, iliyoanza mwaka 2000: Morogoro, Nyerere, Mandela, Kilwa, Bagamoyo. Kwa hiyo ukiilaumu halmashauri kwa orodha, unamdai asiyeshika daftari.

#4 Kokoto Nusu
Mzee wa Faili, shikamoo. Hilo ni kweli kwenye muundo. Lakini meneja wa TARURA wa wilaya anaingia kwenye vikao vya baraza la madiwani, na vipaumbele vinatoka kwenye kata kabla ya kufika kwake. Halmashauri ndiyo yenye tovuti, afisa habari, watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa. Daftari linaweza kuwa kwa mwingine, ila kipaza sauti kiko halmashauri.

#5 Kiti cha Nyuma
Nimewahi kuwa diwani, nieleze nilivyoona.

Chukulia kata ina mitaa mitano na fedha ya mwaka inatosha barabara mbili. Ukibandika orodha, mitaa mitatu inakuja nyumbani kwako jioni hiyohiyo. Usipobandika, mitaa yote mitano inaishi na matumaini hadi Juni. Nimewaona madiwani waaminifu kabisa, watu wasiokula hata senti, wakiiogopa karatasi hiyo kuliko kikao cha chama. Mwenyekiti wa mtaa uliokosa naye anaona ataitwa dhaifu, kwamba hakupigania watu wake.

Kwa hiyo usitafute mchawi kwenye tovuti. Sababu ni ya kisiasa, na iko kwenye kiwango cha kata.

#6 Lami Moto
Niongeze upande wa kazi, maana niko kwenye ushauri wa kihandisi.

Mpango wa Julai ni makisio. Fedha za Mfuko zinatokana na tozo ya mafuta, zinaingia kadiri mafuta yanavyouzwa, na zinatoka kwa mafungu. Barabara iliyoandikwa ya kwanza inaweza kufanyiwa kazi ya tisa. Halafu kuna dharura. Kumbukeni mvua za El Niño zilizoanza Oktoba 2023 na masika iliyofuata, kisha Kimbunga Hidaya Mei 2024, madaraja ya barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi yalikatika na kusini ikafungika. Hiyo ilikuwa barabara kuu, lakini mjini hali ni ileile kwa udogo wake: kalvati likienda na maji, fedha ya kuchonga mitaa miwili inahamia hapo.

Mhandisi anajua haya. Anajua pia kwamba akichapisha orodha, mkazi ataisoma kama ahadi yenye tarehe. Ndiyo maana anainyamazia. Ni hofu ya kuitwa mwongo.

#7 Mama wa Kona
Lami Moto, nimekusoma kwa heshima, sasa sikiliza gharama ya huo ukimya.

Kwetu tuna kundi la WhatsApp la mtaa, mimi mweka hazina. Barabara yetu ilikuwa haipitiki, mjamzito alibebwa kwenye kiti hadi kwenye lami. Tukachangishana. Wengine walitoa elfu tano, wengine elfu hamsini, bibi mmoja anayeuza maandazi alitoa elfu mbili na akaomba jina lake liandikwe. Tukanunua malori ya kifusi, vijana wakasambaza kwa makoleo Jumapili nzima. Wiki haikuisha, likaja greda. Mkandarasi hakumjua mtu, hakuuliza mtu. Kifusi chote kikasukumwa pembeni, kikaziba mtaro, mvua ya kwanza maji yakaingia nyumba za upande wa chini.

Ile kazi ilikuwa kwenye mpango tangu Julai. Mtu mmoja angeandika mstari mmoja kwenye kundi letu, fedha ya maskini isingepotea. Mpaka leo nikiitisha mchango wa jambo lolote naulizwa, "Mama, umehakikisha greda haliji?"

#8 Bajaji ya Bluu
Mama wa Kona, pole sana. Hiyo ya maandazi imenigusa.

#9 Hesabu za Jioni
Watu wanazungumza kana kwamba tunaomba hisani. Mwaka 2021 tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na ikaelezwa wazi bungeni kuwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Bajaji ya Bluu akijaza lita kumi, shilingi elfu moja imekwenda kwenye nyongeza hiyo peke yake, mbali na tozo iliyokuwapo kabla. Kila siku ya kazi. Halmashauri inapokea fedha hiyo halafu mlipaji hana haki ya kujua barabara gani imeguswa?

#10 Mzee wa Faili
Hesabu, hoja nzuri, njia ya fedha siyo hiyo. Tozo inakwenda Mfuko wa Barabara, Mfuko unagawa kwa TANROADS na TARURA. Haipiti kwenye akaunti ya halmashauri. Kwa miaka mingi mgao uliokuwa ukitajwa ni 70 kwa 30, TANROADS wakipata sehemu kubwa, na wabunge walilalamikia hilo kwa sababu mtandao wa TARURA ni mrefu mara kadhaa kuliko wa wenzao. Barabara za wilaya nchi nzima zinazidi kilomita 144,000, na sehemu kubwa ni udongo mtupu.

#11 Hesabu za Jioni
Sawa mzee. Deni la taarifa linabaki palepale, limebadilika mdaiwa tu.

#12 Fundi Mitaro
Ndugu zangu mnagombea orodha, mimi nataka mjue orodha inasema nini ikishapatikana. Ukiona "matengenezo ya kawaida", ni kuziba viraka, kusafisha mitaro, kufyeka, kuchonga juujuu. "Matengenezo ya muda maalum" ni kazi nzito, kurudishia tabaka la changarawe au la lami baada ya miaka. "Sehemu korofi" ni vipande: mita mia hapa, mita hamsini pale, panaponasa magari. Barabara yenu ya kilomita mbili inaweza kuandikwa kwenye mpango, kumbe kinachotengenezwa ni mita 150 za bondeni. Taarifa isiyosema hivyo itazua ugomvi mkubwa kuliko ukimya.

Na kuna jambo linaniuma. Barabara ya udongo inatakiwa iwe na mgongo katikati ili maji yaende pembeni, yaingie mtaroni, mtaro uwe na mahali pa kumwaga. Greda likija kila mwaka likakwangua tu bila kurudisha udongo katikati, bila kumwagia maji na kushindilia, barabara inashuka. Baada ya miaka iko chini kuliko viwanja. Hapo barabara imeshakuwa mto, na kila mwaka inahesabiwa kuwa "imetengenezwa". Tembeeni mitaa ya zamani muone milango ya mageti inavyoning'inia juu.

#13 Mkazi wa Bondeni
Fundi Mitaro umenisemea. Naomba nipingane na mleta uzi. Mimi sihitaji taarifa, nahitaji mtaro. Bonde la Msimbazi linapokea maji kutoka vilima vya Pugu hadi baharini, na huko juu watu wanazidi kujenga na kusakafu nyua zao. Maji hayasomi tovuti. Tukianza kushughulika na mawasiliano, wataajiri watu wa kutengeneza video nzuri, fedha itakwenda huko, na sisi tutaendelea kuhama kila masika.

#14 Kokoto Nusu
Mkazi wa Bondeni, pole na hali hiyo. Sitaki video hata moja. Nataka jedwali. Mtaro wako nao unatakiwa uwe kwenye jedwali hilo, na kama kwa miaka mitatu haumo, uwe na karatasi ya kumwekea diwani mezani.

#15 Mkazi wa Bondeni
Karatasi ninazo. Mezani nimeshaweka.

#16 Sauti ya Ndani
Nimo kwenye kazi ya habari serikalini, sitasema wapi. Mnatulaumu kwa picha za vizibao. Jueni kwamba afisa habari anaweka anacholetewa. Ziara ya kiongozi inaletwa ikiwa na gari, ratiba na mpiga picha. Mpango wa barabara ni faili la kurasa nyingi kwenye kompyuta ya mhandisi wa taasisi nyingine, na hakuna mstari wowote kwenye majukumu yangu unaosema niende kuuchukua. Nikienda kwa hiari yangu, naulizwa nimetumwa na nani. Nikiuweka bila kibali na ukabadilika, barua inaandikwa kwangu.

Ukitaka jambo hili liishi, liwekwe kwenye maazimio ya baraza: kila robo mwaka, taarifa ya barabara ikishapokelewa kikaoni, ichapishwe ndani ya siku kadhaa. Hapo nina cha kushika.

#17 Kiti cha Nyuma
Sauti ya Ndani, hiyo ndiyo njia. Baraza la kawaida linakaa kila robo mwaka na taarifa ya barabara inasomwa. Na mikutano hiyo ni ya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa nyuma asikilize. Wakati wangu viti vya wananchi vilikuwa vitupu.

#18 Bajaji ya Bluu
Mheshimiwa, saa nne asubuhi siku ya kazi nani atakaa kwenye kiti hicho? Nikikaa mimi, hesabu ya bosi ya jioni utanilipia?

#19 Kiti cha Nyuma
Umenishika hapo mdogo wangu. Basi irushwe mubashara, na rekodi ibaki.

#20 Jirani wa Kaskazini
Hamjambo majirani. Nawasoma kutoka Nairobi na naona tunafanana mno. Hapa kwetu barabara kubwa za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, nyingine KeNHA, ya barabara kuu, nyingine ni za serikali ya kaunti. Mwananchi akilalamika kuhusu shimo mtandaoni, jibu la kwanza analopata ni "hiyo si yetu". Anatumwa kwa mwingine, naye anamrudisha. Tozo yetu ya mafuta ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, kisha magavana na wabunge wakapelekana mahakamani kuhusu nani ashike sehemu ya kaunti. Shimo linawasubiri wamalize.

Kama mnaweza kupata kitu kimoja tu, ombeni kila barabara iwe na jina la mwenyewe. Kibao au orodha, yoyote. Hilo tu litawapunguzia nusu ya safari.

#21 Mchana wa Reading
Wadau, niko Uingereza, niongeze kidogo bila kuwatamanisha, maana huku mashimo yapo na kelele zipo.

Halmashauri ya huku inabanwa na Sheria ya Barabara Kuu ya 1980. Kifungu cha 41 kinaipa wajibu wa kutunza barabara. Ukivunja rimu kwenye shimo unaweza kuidai fidia. Kifungu cha 58 kinaipa utetezi: ikithibitisha kwamba ilikuwa na utaratibu unaofaa wa kukagua na kutengeneza, inaweza kuachiliwa. Ndiyo maana kumbukumbu za ukaguzi zinatunzwa kwa bidii, na nyingine zinachapishwa. Wanajilinda wenyewe, na sisi tunafaidika.

Mwaka 2025 serikali kuu ilizitaka halmashauri za England zichapishe taarifa ya kila mwaka ya matengenezo, la sivyo zikose sehemu ya nyongeza ya fedha. Uwazi wa hiari haukuwa ukitosha hata huku.

#22 Hesabu za Jioni
Mchana wa Reading, hapo ndipo pa kushika. Mfuko wa Barabara useme: robo ya pili haitoki mpaka taarifa ya robo ya kwanza ionekane kwa umma. Kila mtu ataijua njia ya kwenye tovuti.

#23 Lami Moto
Hesabu, ukizuia fedha unamwadhibu mkazi kwa kosa la karani. Robo ya pili ndiyo Oktoba hadi Desemba, mvua za vuli. Kuchelewesha fedha wakati huo ni kupoteza dirisha lote la kazi.

Na hili la dirisha lieleweke. Mwaka wa fedha unaanza Julai, katikati ya kiangazi, wakati mzuri kabisa wa kazi. Lakini zabuni, tathmini, mikataba na dhamana vinakula miezi. Mkandarasi anaingia saiti vuli imeanza. Anasimama. Anarudi Januari, anakimbizana na masika ya Machi. Sehemu ya malalamiko ya "wametengeneza, mvua moja imebeba" inatoka kwenye kalenda hii. Manunuzi yangeanza mapema, mikataba ikawa tayari Julai, tungeongea mambo mengine.

#24 Mtu wa Zabuni
Lami Moto, kwenye kalenda nakubaliana nawe. Nigusie kitu ambacho hakijasemwa. Zabuni zote sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, ulioanza kutumika 2023. Kwa hiyo sehemu ya taarifa mnayoitafuta iko mtandaoni tayari. Shida ni kwamba kazi zinafungwa kwa mafurushi: barabara kadhaa za kata tofauti kwenye mkataba mmoja, ili mkandarasi apate kazi yenye ukubwa wa maana. Mkazi akitafuta jina la mtaa wake haoni kitu.

Pia yako mambo yasiyotakiwa kutoka kabla ya zabuni. Ukiweka hadharani makadirio ya mhandisi ya kila barabara, wazabuni wote watakuja na bei iliyosogea karibu na hapo. Orodha ya barabara na aina ya kazi, weka. Bei, weka mkataba ukishasainiwa.

#25 Nyundo Kavu
Mtu wa Zabuni, hicho ni kisingizio kilichovaa suti. Bajeti za wizara zinasomwa bungeni kwa tarakimu, wazabuni wanasikia, na nchi inaendelea.

#26 Mtu wa Zabuni
Bajeti ya fungu ni kitu kimoja, makadirio ya mita za mraba kwenye barabara moja ni kingine. Tofauti hiyo siwezi kuiachia.

#27 Mama wa Kona
Niwaulize wataalamu. Hata orodha ikitoka, nitaijuaje barabara yangu? Sisi tunasema "ya kwa Mwarabu mpaka msikitini". Kwenye nyaraka niliwahi kuona jina ambalo hakuna mkazi aliyewahi kulisikia.

#28 Ramani Mkononi
Mama, shikamoo. Swali lako lina jibu zuri kuliko zamani. Mwaka 2022 kulikuwa na operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikapata majina rasmi, vibao na namba za nyumba. Kibao kipo pale kwenye kona yako, hata kama watu wanaendelea na ya kwa Mwarabu. Kinachohitajika ni mfumo wa wahandisi na wa anwani vitumie jina moja.

Ujuzi wa ramani Dar upo na si mgeni. Tandale ilichorwa na wakazi na wanafunzi mwaka 2011. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora kata za mabondeni, mitaro na makalvati yakiwemo, kwa ajili ya mafuriko. Ramani hizo ziko wazi mtandaoni kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ambayo yeyote anaweza kuichangia. Watu walitembea kwa miguu wakipima kina cha mitaro. Ukiweka mpango wa matengenezo juu ya ramani hiyo, kwa rangi tatu, haimo, imo, imekamilika, hata asiyependa kusoma majedwali anaelewa.

#29 Fundi Mitaro
Ramani, ongeza rangi ya nne: imekamilika lakini imeharibika. Huo ndio ukaguzi tunaoukosa.

#30 Bajaji ya Bluu
Rangi ya nne nitaijaza mimi na wenzangu wa kijiweni, bure. Tupeni namba ya kutuma picha, ila mtu ajibu. Namba isiyojibiwa inakufa kwa wiki mbili, nimeshaona ya hivyo.

#31 Duka la Pembeni
Jamani, hamjataja wanaochimba. Mbele ya duka langu palizibwa viraka vizuri, vimekatwa pembe nne, vimeshindiliwa, nikafurahi. Muda si mrefu wakaja wachimbaji wa bomba, wakakata lami, wakafukia kwa mchanga, wakaondoka. Sikupewa notisi. Wateja wa saruji hawawezi kuingiza gari, na nondo nilikuwa nabeba begani kuvusha. Wapi kumeandikwa nani anachimba nini lini?

#32 Mchana wa Reading
Duka la Pembeni, huku sheria ya 1991 inawataka wachimbaji watoe notisi kwa mamlaka ya barabara kabla ya kazi, na wapo wanaotozwa faini kwa kukawia. Kazi zinaonekana kwenye ramani ya umma. Bado wanachimba ovyo wakati mwingine, ila unajua jina la kumpigia simu.

#33 Nyundo Kavu
Mnazunguka mbuyu. Barabara za mitaa zinauawa na malori ya mchanga na kokoto. Lori lenye tani kibao linaingia mtaa uliojengwa kwa ajili ya magari madogo. Mizani iko barabara kuu. Chapisheni orodha hata kwa wino wa dhahabu, lori likipita mara ishirini kwa siku mmerudi mwanzo.

#34 Lami Moto
Nyundo Kavu umetaja kitu kizito. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha uharibifu unapanda takribani kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Ukiuzidisha mzigo mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Hizo ni barabara kubwa. Mtaani hakuna anayepima.

Ila nikukumbushe, lori linavunja haraka zaidi panapokuwa na maji chini ya lami. Udongo wa msingi ukilowa unapoteza nguvu, lami inapinda, inapasuka. Maji na lori vinashirikiana. Kwa hiyo turudi kwa Fundi Mitaro.

#35 Mkazi wa Bondeni
Nilisema tangu #13.

#36 Mzee wa Faili
Wakati mnaendelea, niweke kitu cha kushika mkononi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mpango wa matengenezo wa mwaka uliokwisha kuidhinishwa hauna siri ya taifa ndani yake. Omba kwa maandishi, taja barabara, taja mwaka wa fedha.

#37 Nyundo Kavu
Mzee, na wakikaa kimya siku 30?

#38 Sauti ya Ndani
Nyundo, barua yenye muhuri wa kupokelewa haipotei kirahisi kama ujumbe wa simu. Ikifika masjala inapewa namba, inamfuata mtu. Barua kumi za mitaa kumi tofauti kwa wiki moja zitafanya mkuu wa idara aulize kwa nini jambo hili haliko kwenye tovuti. Naongea kwa nilichokiona.

#39 Kiti cha Nyuma
Nakala ipelekwe kwa diwani na kwa mwenyekiti wa mtaa. Wengine mnawazunguka, wanakasirika, wanakuwa wapinzani wa jambo jema. Na msiwakabidhi kama mashtaka. Diwani akiwa na barua ya wananchi mkononi, kikaoni ana nguvu ya kuuliza.

#40 Mama wa Kona
Mzee wa Faili, naomba uniandalie maneno, nitachapa na kukusanya sahihi kundini. Iende kwa nani, TARURA wilaya au mkurugenzi wa halmashauri?

#41 Mzee wa Faili
Mwanangu, iende kwa meneja wa TARURA wilaya, nakala kwa mkurugenzi, diwani na mtendaji wa kata. Maneno yawe mafupi:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, sisi wakazi wa mtaa huu tunaomba kupatiwa sehemu ya mpango wa matengenezo ya barabara wa mwaka huu wa fedha inayohusu kata yetu, ikionyesha jina la kila barabara, kipande kitakachofanyiwa kazi, aina ya kazi, na robo ya mwaka inayotarajiwa. Tunaomba pia kujulishwa pale mpango huo utakapobadilika, na sababu ya mabadiliko."

Weka jina la barabara kama lilivyo kwenye kibao, na kwenye mabano la wakazi.

#42 Fundi Mitaro
Mzee, ongeza "na mahali mtaro utakapomwaga maji". Bila hilo watawajibu kuhusu greda.

#43 Mama wa Kona
Nimeongeza. Ramani Mkononi, nitumie faraghani picha ya kata yetu ikiwa na mitaro, niambatishe ukurasa wa pili.

#44 Ramani Mkononi
Nitumie jina la kata, mama. Ukiweza, mtume kijana mmoja akapige picha makalvati yote ya mtaa wenu, upande maji yanapoingia na upande yanapotokea. Ramani nilizonazo ni za zamani kidogo, huenda kuna kalvati limeshazibwa.

#45 Bajaji ya Bluu
Kama ni njia zangu, nitapita mimi kesho nikitoka kumpeleka mtoto shule.